Nakala Iliyokwama kwa Mzee Kasanda

Isevya, Tabora
Jumapili, jioni

Mwanangu Kalunde,

Masista walitufundisha kwamba barua huanza kwa hali ya mwandishi, kisha huuliza hali ya mwandikiwa. Hali yangu unaijua, tumekula pamoja mchana. Yako naisikia nikiwa hapa mlangoni, unavyocheka na Rehema huko uani mkilifunga sanduku kwa kamba. Naandika kwa sababu kwa mdomo nimejaribu wiki hii nzima nikashindwa. Nikianza tu, wewe unainamisha kichwa, nami nageuza maneno nakuuliza kama umeshiba.

Habari za kuchemsha maji, za kutomwachia mtu mzigo wako kituoni, na za wanaume wa Dodoma, shangazi yako amezimaliza zote, nyingine mara mbili. Sina la kuongeza.

Ninalotaka kukuandikia ni habari ya kile kitabu cha barua na nakala yake. Utasema unaijua. Ni kweli ulikuwepo, ulikaa benchi moja nami ukinisomea majina. Lakini ulikuwa mtoto, na nadhani unachokumbuka zaidi ni moto. Mimi nataka ujue yaliyokuwa kabla ya moto. Kesho kutwa wewe mwenyewe utaketi posta ya Dodoma mbele ya vitabu vya barua za watu. Na juzi nilikusikia ukimwambia Rehema kwamba kazi hii uliiomba ili umtafute baba yako. Hukujua kama nipo dirishani. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Tulipohamishiwa kijiji kipya, kule kati ya Goweko na Tura, tulikuta viwanja vimepimwa kwa kamba, mstari baada ya mstari. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mmoja na miti yake, sasa walisikiana wakikohoa. Barua ziliendelea kuja kwa majina ya mahali pa zamani. Kijana aliyeko Tanga ataandika, "Kwa mama yangu, karibu na kisima cha mzee fulani, Goweko," na kisima chenyewe kimekuwa mahame, hakuna mtu wala mbuzi. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimesoma kwa masista hadi darasa la nane, nilikabidhiwa mfuko wa barua na meza katika duka la ushirika, pamoja na kile kitabu kikubwa cheusi. Humo niliandika kila nyumba: jina la mwenyewe, alikotoka, mstari wake, na watu wake walioko mbali na anwani zao. Bwana aliyekuja kunionyesha kazi alisisitiza jambo moja. Kitabu hiki kikipotea, alisema, kijiji kizima kimepotea. Kwa hiyo kila Jumamosi kinakiliwe, na nakala ikakae kwa katekista, kwenye nyumba pekee yenye bati.

Mwanzoni nilimaliza kunakili kabla jua halijawa kali. Baada ya msimu mmoja wa mvua nikawa naanza Ijumaa, na Jumapili tukitoka kanisani bado naandika. Mwisho ikawa haimaliziki kabisa. Bwana Salum, yule katibu wa kijiji aliyetoka Tabora mjini na kofia yake ya kushona, alikuwa akipita kuniuliza.

"Mama Kalunde, nakala imefika wapi?"

"Imefika kwa mzee Kasanda."

"Lakini Jumamosi iliyopita ilikuwa kwa mzee Kasanda!"

"Kwani mzee Kasanda amehama?"

"Basi hiyo nakala imeolewa huko," akasema. "Tumpelekee mzee barua atulipe mahari."

Watu waliokuwa dukani wakacheka mpaka wakaegemea mizani. Nami nilicheka, ila moyoni nilikuwa nachanganyikiwa. Nikaanza kutafuta kinachonichelewesha. Nilisema ni nibu, nikabadili nibu. Nikasema ni wino, maana tulikuwa tunachanganya ule wa unga na maji ya kisima yenye chumvi, ukawa unaganda. Nikaleta maji ya mvua. Nikaweka kigae chini ya mguu wa meza isiyumbe. Kisha nikasema ni wewe. Nilisema unasoma kwa kukokota kama anayeongoza litania, nikakutoa kwenye benchi mbele ya watu nikakutuma maji. Siku hiyo niliandika polepole kuliko siku zote, kwa kuwa nilikuwa nasoma na kuandika mwenyewe. Niliona. Lakini sikukuita urudi, kwa sababu ningelazimika kusema nimekosea mbele ya walewale watu.

Sababu zilikuwa nyingine kabisa, na zote zilikuwa mikononi mwangu.

Ya kwanza ni kwamba nilikuwa nanakili kitabu chote, kila Jumamosi, kuanzia nyumba ya kwanza ya mstari wa kwanza. Nyumba nyingi hazikuwa na jambo jipya, lakini niliziandika tena. Nilifanya hivyo kwa sababu ya Sista aliyetufundisha mwandiko. Alikuwa akichana ukurasa wenye doa mbele ya darasa, taratibu, bila hasira yoyote, kisha anakupa karatasi nyeupe. "Anza upya, binti." Nilimpenda sana. Niliona hakuna kitu kizuri duniani kama ile karatasi nyeupe. Kwa hiyo mtu akibadili anwani, sikuweza kuvumilia kufuta neno katika nakala ya wiki iliyopita na kuandika jingine juu yake. Niliona ni uchafu. Nilianza upya.

Ya pili, Jumamosi ndiyo siku watu walipokuja kuuliza barua zao. Kitabu kilekile nilichokuwa nakinakili ndicho nilichotakiwa kukifungua kwa ajili yao. Kila aliyekuja alinitoa mahali nilipokuwa. Nikirudi, naruka mstari au naurudia, na nikigundua, ukurasa nauchana.

Ya tatu ni wafu. Nilijaribu kuwaondoa kitabuni, na nilianza na Maganga, mtoto wa Bibi Nyamizi, aliyefia kwenye mashamba ya mkonge. Bibi alikuja asubuhi yake akiwa na fimbo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia unamtoa Maganga kitabuni."

"Bibi, Maganga alifariki. Barua ya msimamizi wake si tuliisoma wote?"

"Mimi sijakataa. Lakini hajazaliwa mtoto wa kulichukua jina lake. Ukimtoa humo atakaa wapi? Mwache mpaka apatikane wa kumrithi."

"Na huyo mtoto atazaliwa na nani, bibi? Si mwanao alikuwa huyo mmoja?"

"Hilo sasa haliko kwenye kitabu chako," akasema, akaondoka.

Nilimwacha Maganga. Habari ikaenea, na kila mwenye mtu wake akaja kumwombea. Nilikubali wote. Kwetu hata aliyekwenda pwani akapotea hatukuwa tukimwita marehemu. Babu yangu alibeba mizigo katika njia hiihii ya misafara, akashuka pwani na kurudi, na mara ya mwisho hakurudi. Bibi yangu hadi anaingia kaburini alikuwa akisema mume wake yuko safarini. Ningewezaje kumfutia mtu mtoto wake? Kwa hiyo niliwaandika, wiki baada ya wiki, kwa mwandiko ule wa Sista, mkia wa kila herufi mahali pake. Na kwa kuwa ndio waliotangulia kuandikwa, walikuwa mbele. Waliohamia juzi, na anwani mpya za walio hai, walikuwa nyuma kabisa, baada ya mzee Kasanda.

Aliyenifungua macho ni Mama Nyanzala. Tulikuwa shamba la kijiji tukiinua matuta kabla ya mvua, yeye kwenye tuta la jirani. Unamkumbuka, mwembamba yule, mwenye sauti kubwa.

"Hivi wewe Mama Kalunde," akasema, "ungelima kama unavyoandika, kila asubuhi unarudi kuliinua upya tuta la kwanza, mwaka huu tungekula nini?"

"Tungekula nakala," mwingine akajibu kule mwisho.

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi nikasimama na jembe. Niliiona kazi yangu yote ilivyo, pale pale juani. Nakala ya zamani iachwe ilivyo. Kila Jumamosi yaandikwe yale tu yaliyoingia wiki hiyo, katika daftari dogo, juu tarehe, likaambatishwe nyuma ya nakala. Waliofariki wapewe kitabu chao, kinakiliwe mara moja, kikae kwa heshima. Na dirisha lifungwe kwanza, watu wangoje kidogo. Kazi yenyewe isingezidi muda wa kuchemsha maharage.

Nilirudi nyumbani natembea upesi kama mtu aliyepona. Sasa sikia, Kalunde, hapa ndipo nilipokosea, si pengine pote. Dawa niliijua, lakini sikuianza. Nilijiambia kwamba haifai kuanza utaratibu mpya juu ya nakala iliyokatikia njiani. Nimalize kwanza nakala moja kamili, safi, isiyo na doa, ndiyo iwe msingi. Halafu hayo madaftari madogo yafuate. Nikachukua karatasi nyeupe. Nikaanza upya, nyumba ya kwanza, mstari wa kwanza.

Ni katika wiki hiyo barua ya baba yako ilipokuja.

Ulikuwa shuleni. Alikuwa ameondoka kwenda mkonge mwaka ule kabla hatujahamishwa, na barua zake za mwanzo zilifika kwa mwenye duka wa stesheni. Mtu wa Tura aliyekuwa naye huko ndiye aliyemwambia tumehamia wapi. Aliandika kwa kifupi, kama kawaida yake. Alisema kambi waliyokuwamo imefungwa na wamepelekwa nyingine, huko huko Korogwe. Anwani aliiweka chini. Alisema, "Nijibu upesi, Mama Kalunde, maana hata hapa hapana uhakika. Nikikosa jibu nitajua umechoka kungoja, na sitakulaumu." Kisha alikuulizia wewe, kama umeshaota meno ya mbele.

Niliiandika anwani kitabuni, nyuma kabisa, mahali pa mambo mapya. Barua nikaiweka humo humo katikati ya kurasa. Nilitaka kumjibu nikiwa nimetulia, barua ndefu, nzuri. Nikasema, nikimaliza nakala.

Moto ulitoka upande wa reli, watu walipokuwa wanachoma nyasi za mwisho wa kiangazi. Ilikuwa mchana, wote tuko shambani, na duka lilikuwa bado limeezekwa nyasi. Bati tulikuwa tunaahidiwa. Bwana Salum ndiye aliyekuwa karibu. Aliingia akatoa mizani na gunia la chumvi, akarudi akatoa mafuta ya taa ili yasilipuke. Mara ya tatu paa likashuka. Aliungua nyusi. Nilipofika alikuwa ameketi chini anakohoa, akaniambia, "Mama Kalunde, nisamehe, sikukumbuka kitabu." Nami sikuwa na la kumsamehe. Chumvi pia ilikuwa ya watu.

Tulikwenda kwa katekista. Alitoa nakala ya mwisho niliyompelekea kutoka kabatini, ikiwa imefungwa kitambaa, hata vumbi haina. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Walikuwemo Maganga na wenzake wote, majina yao na kambi walizofia. Ilifika kwa mzee Kasanda, ikaishia hapo. Baada yake ilikuwa karatasi tupu, na baba yako alikuwa huko kwenye karatasi tupu, pamoja na watoto wa mistari yote ya nyuma.

Watu walikuja mmoja mmoja nilipoweka meza chini ya ukuta wa shule. Wengine walikuwa na bahasha za zamani, tukazinakili. Wengine walikumbuka jina la mji tu. Mwanamke mmoja, jina lake nalihifadhi, alinitazama akasema, "Ukawaandika maiti, ukawaacha wetu walio hai." Hadi leo nikimwona amekuja sokoni hapa Tabora napita upande wa pili. Lakini aliyeniumiza zaidi hakuwa yeye. Alikuwa mzee Kasanda mwenyewe. Alikuja jioni, baada ya watu kwisha.

"Mimi nimo?" akauliza.

"Umo, baba."

"Na huyu jirani yangu, mwenye mabinti kule Mwanza?"

"Hayumo."

Akaifuta pua kwa kiganja.

"Ungeniruka, mwanangu," akasema. "Mimi sina wa kuniandikia."

Nilijaribu, Kalunde. Anwani ile niliisoma na kuiandika kwa mkono wangu, lakini ilipotakiwa ilinikimbia. Nilikumbuka Korogwe. Nilikumbuka kwamba namba ya sanduku ina nne, sijui mwanzoni au mwishoni. Niliandika kwa kila shamba la mkonge nililopata kulisikia. Barua nyingine zilirudi zimegongwa muhuri, nyingine hazikurudi, na hizo zisizorudi ndizo nilizozingojea miaka. Baadaye alikuja mtu wa Goweko aliyefanya kazi pande hizo, akasema mashamba mengi yameachwa, mkonge umezidiwa na miti, na waliokuwa humo wametawanyika, wengine Handeni, wengine Mombasa, wengine hajui. Hapo ndipo nilipofunga mzigo tukaja hapa Isevya, nikashika cherehani.

Najua unachowaza. Unawaza kwamba wewe una macho mazuri, na utakuwa ndani, mahali barua za nchi nzima zinapopita, na siku moja jina lake litapita mbele yako. Siwezi kukudanganya kwamba nami naliwaza hilo. Nililiwaza zamani. Sasa hivi nikitafuta tumaini la baba yako ndani yangu silikuti, kama vile mtu anavyopapasa rafu ambayo anajua mwenyewe aliiondolea vitu. Jambo ninaloliona kila siku ni mtu ameketi mlangoni pa kambi, barua zinagawiwa, jina lake haliitwi. Wiki ya kwanza, ya pili. Halafu anajua nimechoka. Na hakunilaumu, alishasema.

Baba yako mdogo alikuja wiki iliyopita, ulipokwenda kuchukua vipimo vya gauni. Anataka msiba umalizwe baada ya mavuno, watu wakae, wanyolewe, na jina litunzwe kwa ajili ya mtoto wako wa kiume, ukimpata. Nimekubali. Simwamini anayesema amekufa, wala simwamini anayesema yupo. Nimekubali kwa sababu nakuona wewe, binti wa umri wako, unachagua kazi na mji kwa ajili ya mtu ambaye ni mimi niliyempoteza. Anataka pia nirudi Goweko, nikae kwake. Hilo nimelikataa. Nyumba hii ya kupanga, yenye choo cha kushirikiana na kelele za mafundi bati, ndipo nitakapokaa, ili wewe usije ukaandika kwa mtu aliyehama.

Sikukatazi kutazama majina. Huwezi kufumba macho kazini. Ila usiifanye ndiyo kazi. Zitakuja mbele yako barua za mama za watu, za waume wa watu, zilizoandikwa vibaya, kwa penseli, kwa majina ya visima. Nakuomba uzishughulikie siku ileile zinapofika, hata kama mwandiko wako utakuwa mbaya, hata ukifuta na kuandika juu. Watakucheka wasichana waliosoma Dar es Salaam na kalamu zao nzuri. Waache. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote.

Sijui kama nimekusaidia. Nimeisoma tena barua hii, ina mafuta ya cherehani ukurasa wa pili na nimefuta sehemu nne, nami nimejizuia nisiichane. Taa bado sijawasha, mwanga umebaki kidogo. Rehema ameaga, namsikia anasema atakuja asubuhi kukusindikiza stesheni. Sasa unaimba peke yako, kwa sauti ya chini, wala hujui kama unaimba. Mtu anayeimba hivyo nadhani atafika anakokwenda. Hilo ninaliamini, na ni kitu pekee ninachokiamini usiku huu unaoingia.

Ninaomba kitu kimoja. Kila utakaponiandikia, weka anwani yako juu, yote, mpaka chumba. Iweke hata kama haijabadilika, hata kama uliiandika juzi na unaona ni upuuzi. Nami barua yako ikifika sitaifungua kwa haraka kujua habari. Nitatafuta kalamu, niiandike ile anwani mahali pawili, moja iende kwa shangazi yako siku hiyohiyo. Halafu ndipo nitakaa chini nikusome.

Ni mimi mama yako.